Laptopu inachelewa kuwaka: tupeane uzoefu kabla hujaambiwa "tupige Windows"

Mtoa mada
Habari za wakati huu wakuu. Unabonyeza kitufe, unaenda kuinjika chai, unarudi na vile vidoti bado vinazunguka. Ukiipeleka kwa fundi, jibu ni lile lile: "Tupige Windows upya," yaani afute na kuiweka tena. Unalipa, inakimbia siku chache, halafu inarudi palepale. Naomba tuweke hapa kesi zetu: dalili, chanzo, na kilichosaidia.

Naanza mimi. Kabla sijagusa kitu huwa najiuliza muda unapotelea wapi: kabla ya Windows kuanza, kati ya hapo na neno la siri, au baada ya neno la siri? Kila kipande kina mchawi wake. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, nenda Startup (orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe), tazama pembeni juu palipoandikwa "Last BIOS time". Hizo ni sekunde ambazo mashine imezitumia kabla ya kuikabidhi kazi Windows. Yangu ilikuwa inakula karibu dakika nzima hapo. Kumbe BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, ilikuwa inatafuta mfumo kwenye mtandao kwanza, ikikosa inakwenda kwenye flashi, diski ndiyo ya mwisho. Niliingia BIOS (kwangu ni F2, kwenye mashine nyingine ni F10, Esc au Del), nikaipandisha diski juu, nikazima ile ya mtandao. Mchezo ukaisha. Hapo hata ungepiga Windows kila Jumamosi usingeambulia kitu.

Dada wa Steshenari
Asante mkuu kwa mada. Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kwangu neno la siri lilikuja haraka, shida ilianza baada ya hapo. Kioo kinaonekana kimeshafunguka, lakini ukibofya Word hakuna kitu, na mteja kasimama mlangoni, "dada, ni CV yangu tu, ukurasa mmoja." Kwenye Task Manager diski inasoma 100%, yaani imezidiwa na kazi. Mdogo wangu akafungua hiyo hiyo Startup: programu za printa mbili (moja tulishaiuza!), ya mikutano ya video, ya muziki, na antivairasi mbili. Kila faili linalofunguliwa linakaguliwa na wote wawili. Tukaondoa antivairasi moja, zile programu za printa, mikutano na muziki tukaziwekea Disable, ambayo haifuti programu, inaizuia tu isijiwashe yenyewe. Sasa asubuhi nafungua na foleni haijajaa.

Fundi Bisibisi
Naomba niwatetee mafundi kidogo, ila mtoa mada ana hoja. Mashine nyingi zinazoletwa mezani kwangu ni mtumba kutoka nje, na ndani bado kuna diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Ikiwa nzima kabisa inasoma kama MB 100 kwa sekunde, tena faili likiwa moja kubwa lililonyooka. Wakati wa kuwaka Windows inasoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, sindano ya kusomea inaruka huku na kule, kasi inaporomoka. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya kawaida ya SATA inafika MB 500 kwa sekunde na haina sindano ya kuhangaika.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga Windows mimi napima diski kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Ikiwa bluu, endelea. Ikiandika Caution kwa njano, na mstari wa Reallocated Sectors (sehemu mbovu zilizobadilishwa) una namba inayozidi sifuri kwenye Raw Values, diski imeanza kufa. Hapo usipige chochote, hamisha picha na nyaraka kwanza. Mteja mmoja alikuja na mashine inayolia tik-tik-tik, ameshapigiwa Windows kwingine, tena diski ikafutwa yote. Picha za harusi hatukuzipata.

Ukienda kununua SSD, fungua mashine kwanza ujue inachukua ipi. Ile nyembamba ya M.2 ipo ya SATA na ya NVMe, njia mbili tofauti za kuongea na mashine, na sehemu ya kuchomeka si lazima izikubali zote mbili. Na ukiona SSD ya TB 1 kwa bei ya chipsi kuku, ijaribu kwa H2testw, programu inayopima kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli, kabla muuzaji hajahama. Halafu SSD haihitaji defrag (kupanga upya vipande vya mafaili), msiisumbue.

Mtoto wa Chuo
Langu dogo. Nilikuwa nazima laptopu kila usiku, lakini Task Manager upande wa CPU, "Up time" ilisoma siku nyingi mfululizo. Ni ile Fast Startup: ukibofya Shut down, Windows inahifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha asubuhi, kwa hiyo na uchafu wake unarudi. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Nikiona inazubaa napiga Restart.

Jamaa wa Kisumu
Wenzangu, yangu ni ya RAM GB 4 tu. Haina TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha ndani), kwa hivyo Windows 11 ilinikataa, na Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaweka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows. Hata huko ilichelewa mwanzoni, lakini uzuri ni kwamba unaiuliza. Andika `systemd-analyze blame` kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), itakupangia nani amekula sekunde ngapi. Aliyeongoza alikuwa NetworkManager-wait-online, anangoja mtandao upatikane ilhali kwangu intaneti ni ya simu. Nikamzima, mambo yakawa sawa.

Kijana wa Mikindani
Samahanini wakuu, yangu kila nikiiwasha inasimama inataka nibonyeze F1, na tarehe inarudi miaka ya nyuma. Tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Ni virusi?

Fundi Bisibisi
Hapana mdogo wangu, ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu wa ndani ya mashine, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa inapotea na BIOS inasahau mipangilio. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinalinganishwa na tarehe ya mashine yako. Chomoa chaji na betri kubwa kabla hujafungua. Kwenye laptopu nyingi hiyo ndogo ina nyaya na plagi yake, kwa hiyo ipige picha, uende nayo dukani.