Mlowezi wa zamani Parklands: nina herufi mbili na jina la ukoo tu

Mchimbuzi_Ngara
Wadau, nina nakala iliyofifia ya hati ya mauzo ya ploti Parklands. Mnunuzi ni mlowezi aliyeandikwa kwa herufi mbili za mwanzo wa majina yake na jina la ukoo, basi. Tarehe imeliwa na mchwa, ila bei ni ya rupia. Sachi ya ardhi (utafutaji kwenye rejista) imeleta mwenye ploti wa leo. Jina lenyewe limejaa Uingereza. Nianzie wapi?

Kamba_ya_Kupimia
Weka jina kando kwanza. Majina hufanana, namba ya ploti haina pacha. Rupia nayo imeshakusaidia: ilitumika hapa hadi 1920, 15 kwa pauni moja, kisha ikaja florini na baadaye shilingi.

Sachi ya kawaida huonyesha mmiliki wa sasa na madeni yaliyofungwa kwenye hati. Historia haimo. Ploti nyingi za mitaa hiyo ni vipande: namba ya ardhi 209/x/y imekatwa kutoka 209/x. Nenda Survey of Kenya, Ruaraka, uombe ramani ya upimaji ya kipande chako, usome imetoka namba gani, kisha uombe ya hiyo. Panda hivyo hadi kwa ploti mama, ile ya kwanza kabla ya kukatwa. Ndipo uende Ardhi House, kwenye ofisi za wizara ya ardhi, na namba ya mama, uombe kumbukumbu za uhamisho wote. Hati ikiwa ya I.R. (Inland Registry), angalia kama inataja juzuu na folio (ukurasa) za daftari la kale, maana wamiliki wa mwanzo huenda wamebaki huko. Wengi hupeleka namba ya leo, wakapewa faili changa, wakadhani ndio mwanzo wa ploti.

(Na ukikuta 1870 kwenye hati za Westlands, hiyo ni namba ya ardhi, si mwaka. Watu hunaswa hapo.)

Karatasi_Kuukuu
Naongezea. Ukishajua miaka aliyoshika ploti, ingia Gazeti Rasmi la Serikali, linaloanzia 1899. Matoleo ya kale yako mtandaoni, lakini kompyuta husoma chapa ile vibaya, kwa hiyo usitegemee kutafuta jina peke yake. Jaribu namba ya ploti, kisha pitia kurasa kwa macho. Unachowinda hasa ni tangazo la mirathi: hutaja marehemu kwa jina kamili na anayesimamia mali.

Kutoka hapo nenda kwenye fahirisi ya mirathi ya England na Wales, iliyoanza 1858. Aliyefia Nairobi akiacha mali kule huandikwa humo, pamoja na tarehe ya kifo na aliyekabidhiwa mali, mara nyingi mke au ndugu. Asipokuwamo, fikiria Afrika Kusini, walowezi wengi walipitia huko. Majalada yao ya mirathi yana fomu ya taarifa ya kifo inayotaja wazazi, mahali pa kuzaliwa na watoto. Kwangu fomu hiyo inashinda cheti chochote.

Barua za serikali ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London: hadi Machi 1905 chini ya Foreign Office, baada ya hapo Colonial Office, fungu CO 533. Ukitafuta fungu moja tu utakosa nusu.

Bi_Daftari
Msimfanye Mzungu kabla ya ushahidi. Mgoa mwenye jina la Kireno naye huandikwa kwa herufi mbili, na huenda ubatizo wake uko Goa, India. Orodha za abiria za BT 27, fungu jingine la Kew, hazitamleta, kwa sababu zinahusu meli zilizoondoka bandari za Uingereza, si Bombay.

Mchimbuzi_Ngara
Asanteni. Na wakibaki wawili wenye herufi zilezile, miaka ileile?

Karatasi_Kuukuu
Tumia saini zao. Linganisha iliyo kwenye hati ya mauzo na iliyo kwenye wosia halisi au daftari la ndoa la kanisa. Hakikisha ni wosia wa awali, maana nakala ya daftari la mahakama imeandikwa na karani, na saini unayoiona humo ni mwandiko wa karani. Tazama pia mashahidi wa hati: shahidi akijirudia kwenye ndoa, huenda umeshampata mtu wako.