Tupeane uzoefu: zege bovu shuleni, hela ya kuliondoa mliipataje?

Wakuu habari. Niko Moshi, ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi. Juzi kipande cha zege cha ukubwa wa kiganja kilidondoka kutoka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kikatua juu ya dawati. Bahati watoto walikuwa mapumziko. Nilipokigeuza, upande wa ndani ulikuwa mwekundu wa kutu. Maji yakifika kwenye nondo, kutu inavimba na kulisukuma zege nje, kwa hiyo kupiga plasta juu yake ni kuficha hatari.

Uingereza, mwisho wa Agosti 2023, zaidi ya shule 100 ziliambiwa zifunge majengo siku chache kabla ya muhula, kisa zege jepesi lenye vitundu ndani, RAAC. Mwaka 2018 paa la shule moja huko Kent lilianguka, ikawa wikiendi. Serikali yao ikabeba gharama: kuna shule zilizopewa ruzuku, na kuna zilizowekwa kwenye mpango wa kujengwa upya. Huku kwetu fedha za madarasa mapya zinakuja na maboma yanamaliziwa, lakini ruzuku ya 10,000 kwa mtoto kwa mwaka haiwezi kubomoa darasa. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mama wa Sakina, Arusha: Pole sana ndugu yangu. Kwetu mwalimu mkuu alifunga darasa siku ileile. Kilichotusaidia ni muhtasari wa kikao uliosainiwa, ukapitia kata mpaka halmashauri, na picha juu. Mhandisi akaja na nyundo, akagonga nguzo moja moja: palipo pazima panalia ti, palipooza panalia bu. Hela ilichukua mwaka mzima, watoto wakisoma kwa zamu.

Fundi, Majengo: Msiguse lenta kabla ya kuegemeza paa kwa mirunda. Na kwenye makadirio, kubomoa na kusomba kifusi viandikwe peke yake. Wengi wanasahau, kifusi kinabaki uwanjani na nondo zimechomoza, watoto wanachezea humo.

Mzazi, Kibosho: Sisi tuliandika barua tatu bila jibu. Wazazi tukachanga, tukatoa mbao za dirisha na zege lote la juu. Inauma, maana wasio na uwezo walidaiwa sawa na wengine.

Mleta mada: Asanteni mno. Darasa tumeshalifunga, la nne wanasomea chini ya mgrevilea. Kikao ni Jumamosi, muhtasari nauandika mwenyewe.