Nimekatwa 21,500 kwenye amana ya gari baada ya safari ya Rusinga

Wadau wa Kisumu, nina hasira na sitaificha. Majuzi nilikodi gari hapa mjini kwa siku tatu nimtembeze shangazi yangu visiwa vya Rusinga na Mfangano, Ziwa Victoria. Niliweka amana ya shilingi 30,000. Nimerudishiwa 8,500.

Shangazi ametoka Mombasa. Ni mwalimu mstaafu, na tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikimsikia akisema lazima siku moja afike kwenye kaburi la Tom Mboya, yule waziri wa zamani, kule Rusinga. Alikuwa msichana wa shule Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Julai 5, 1969.

Kabla sijalipa hata senti nilimweleza kijana wa ofisini safari yote, kituo kwa kituo. Akaniambia nisihangaike kuzunguka Ahero, Kendu Bay na Homa Bay, mama wa watu atachoka bure. Nipitie Bondo, nishuke Luanda K'Otieno, nipande feri, nitokee Mbita, mkabala na Rusinga. Nikamwomba aniandikie, akanitumia WhatsApp. Ujumbe ninao.

Basi siku ya kurudisha gari, mzee mwenye ofisi akafungua kompyuta akanionyesha traka. Mstari mwekundu umeshuka kutoka Kisumu, umefika ufukweni, kisha umekata juu ya rangi ya buluu ya Ghuba ya Winam hadi Mbita. Akaweka kidole pale katikati ya maji. "Hapa ulivunja mkataba." Kumbe ukurasa wa nyuma, kwa maandishi ya sisimizi, wameandika gari haliruhusiwi kupanda feri. Faini 12,000. Nikamwonyesha ujumbe wa kijana wake. Akasema kijana hana mamlaka ya kubadilisha mkataba. Sasa mteja azungumze na nani akiingia pale, na ukuta?

Halafu bampa. Yeye mwenyewe alilala chini na tochi ya simu, akapata mkwaruzo wa urefu wa kidole karibu na taa ya kushoto. 7,000. Mkwaruzo huo ulikuwepo! Asubuhi ya kuchukua gari nililizunguka nikilirekodi video, na kwenye video hiyo anasikika kijana yule yule akisema, "Hiyo ni ya zamani, usijali." Mzee akakataa kuitazama. Alirudisha mkono wangu na simu yangu kama mtu anayefukuza nzi.

Na 2,500 za kuosha vumbi. Gari wanalolitangaza kuwa ni la kutembelea visiwa!

Tena siku moja nzima kati ya hizo tatu gari halikusogea. Rusinga unafika kwa gurudumu, zamani kwa lile tuta la mawe, siku hizi kwa daraja. Lakini Mfangano ni lazima boti, kwa hiyo gari tuliliacha Mbita na mlinzi nikamlipa mimi. (Wenye boti nao wana lao: maboya ya kuvaa yalikuwa manne, abiria kumi na mmoja. Hilo nitalifungulia uzi wake.)

Kinachoniuma hasa si pesa. Pale Rusinga, kwenye lile jengo la kaburi lenye umbo la risasi, shangazi alisimama kimya muda mrefu, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Tulipotoka akaniambia sasa ameridhika. Siku ya ugomvi alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi hiyo akisikia kila neno. Akafungua mkoba ule ule, akatoa noti mbili za elfu moja za pensheni yake. "Mwanangu, chukua hizi. Mimi ndiye niliyetaka kuja." Nilishindwa kumtazama usoni. Na yule bwana aliziona hizo noti, wala hakusema kitu.

Nataka 21,500 zangu zote. Nimeshauliza: Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nimechapisha mkataba, ujumbe na risiti, video nimeiweka kwenye flashi. Jumatatu asubuhi nakwenda kufungua kesi. Kama nawe umekatwa amana kwa mtindo huu hapa Kisumu, mkwaruzo wa zamani ukageuzwa wako, niandikie inbox kabla ya Jumapili na uje na risiti yako.