Nibaki na 7D Mark II yangu au nihamie mirolesi (kamera zisizo na kioo ndani) kwa ajili ya ndege?

BawaJepesi
Wakuu habari zenu. Nina Canon 7D Mark II, ile iliyotoka 2014, na lensi ya 100-400 toleo la pili, tuko pamoja mwaka wa saba huu na sijawahi kuijutia. Wanyama napiga ila ugonjwa wangu hasa ni ndege wakiwa angani. Sasa kila nikiingia mtandaoni nakutana na mdiria anatoka majini na samaki mdomoni, jicho kali unahesabu hadi manyoya ya kichwani, na kila mtu anasema ni kamera mpya za mirolesi, Canon R7 au kubwa zaidi, fokasi inashika jicho yenyewe. Mimi nikirudi na picha mia nne nafuta mia tatu na kitu. Nyingine fokasi imeenda kwenye majani ya nyuma, nyingine zina ulaini tu sielewi umetoka wapi, na jioni nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) hadi 3200, chenga, yaani vile vipunje, zinajaa kwenye picha. Hela ya bodi mpya (kamera yenyewe bila lensi) ninayo lakini nimejibana muda mrefu sana kuipata, nikiitoa hairudi karibuni. Je, hii kamera imefika mwisho au kuna kitu mimi nakosea? Niambieni ukweli hata kama unauma.

MviziaNyasi
Mkuu usiiuze kwanza. Hiyo bodi ina pointi 65 za fokasi na zote ni za msalaba, yaani zinasoma mistari ya wima na ya mlalo, inapiga fremu 10 kwa sekunde, watu wamepiga tai na mwewe nayo miaka na miaka. Safari ijayo usifute kitu. Fungua picha mbovu moja moja kwa asilimia mia ujue kila moja imekufa na nini. Iliyokosa fokasi utaijua, kuna kitu kingine kikali mbele au nyuma ya ndege, jani, unyasi, chochote. Iliyotikisika hakuna kitu kikali popote, au mwili uko sawa ila ncha za mabawa zimeyeyuka. Halafu kuna ile ya joto, hii inawadanganya wengi sana, jua la mchana, ndege yuko mita mia na zaidi, hewa inacheza juu ya ardhi na manyoya yanakuwa kama yamepakwa mafuta, hapo hata uweke bodi gani itatoka hivyohivyo maana picha imeharibika njiani kabla haijafika kwenye lensi. Dawa yake ni kuamka alfajiri na kusogea karibu, basi.

Halafu nijibu, akiwa anapaa unaweka kasi ya shata ngapi, sehemu gani ya sekunde?

BawaJepesi
1/800 mara nyingi, jioni nashuka hadi 1/500. Naogopa ISO kupanda ndo maana.

MviziaNyasi
Nilihisi. Kwa ndege anayepaa anzia 1/2000, na hawa wadogo wa kukata kona kama mbayuwayu nenda 1/3200, weka ISO auto na uiache ipande. Chenga siku hizi zina dawa, Lightroom tangu 2023 ina kifuta chenga cha akili mnemba na kinafanya kazi kwenye RAW (faili ghafi) za kamera za zamani kama hiyo yako, mimi nimerudia picha zangu za zamani nilizokuwa nimezitelekeza nikabaki nimeshika mdomo. Lakini bawa lililoyeyuka kwa sababu ya shata, hilo hakuna programu italirudisha.

JichoLaKozi
Naomba nimpinge kidogo kaka MviziaNyasi, maana mimi nilikuwa na bodi hiyohiyo na lensi hiyohiyo, nikahamia R7. Hizo hadithi za jicho ni za kweli. Ndege akipita mbele ya miti, ile ya zamani nilikuwa nakaza mkono pointi isimtoke na bado inarukia majani, hii inamtambua kuwa ni ndege na inabaki naye hata akifika pembeni kabisa ya fremu. Pia ukiweka ekstenda ya 1.4 (kile kipande cha kurefusha lensi) kwenye 100-400 unafika f/8, yaani mwanga unaoingia unapungua, 7D Mark II hapo inabaki na pointi moja ya katikati, R7 haina tatizo hilo. Na shata ya kimya, wanyama waoga wanakuvumilia zaidi.

Ila sitakuficha yanayouma. Ile fremu 30 kwa sekunde wanayoitangaza ni ya shata ya elektroniki, na sensa ya R7 inasomwa polepole, kwa hiyo mabawa yanayopiga kwa kasi yanatoka yamepinda kama mpira, kwa ndege wanaopaa natumia shata ya mekanika ya fremu 15. Lensi yako itaingia kwa adapta na fokasi haipungui, betri zako zitaingia, lakini kadi za CF sahau, huku ni SD mbili. Na wale wanaokwambia megapikseli 32.5 zitakuletea ndege karibu, piga hesabu, kutoka 20.2 ndege anaongezeka urefu kwa kama asilimia 27 tu. Ukitambaa kutoka mita 20 hadi 10 anakuwa mara mbili. Tumbo chini kwenye umande bado linashinda sensa.

MviziaNyasi
Hapo kwenye kutambaa dada tuko pamoja. Na la majani sikubishii, ndo mahali pekee ambapo nikiona mtu anabadilisha bodi namwelewa kabisa.

BawaJepesi
Nimerudi wakuu, nimekaa na picha za wiki iliyopita nikafanya kama mlivyosema, usiku mzima. Mbovu zilikuwa 312. Zilizokufa kwa shata 131, fokasi kurukia majani 84, ndege yuko mbali mno 58, joto 39. Moyo umeniuma kwa sababu kwenye zile 131 kuna kozi amekunja mabawa anashuka, kila kitu kiko sawa, mwanga uko sawa, na nilikuwa 1/640. Siku hiyo nililaumu kamera njia nzima.

JichoLaKozi
Pole, kila mmoja wetu ana kozi wake. Basi bodi mpya ungeinunua kwa ajili ya zile 84. Kabla hujatoa hela zipunguze kwanza: ingia kwenye menyu ya fokasi uchague Case 2, ile inayong'ang'ania ndege hata kitu kikipita mbele. Anga tupu tumia zone (kundi la pointi), kukiwa na miti nyuma rudi pointi moja na zile za kuizunguka, na mshike akiwa bado mbali kabla hajafika usawa wa miti. Pia fanya AF microadjustment na lensi yako, yaani kurekebisha fokasi ya bodi ilingane na lensi, upande wa 100 na upande wa 400 vinarekebishwa kila kimoja peke yake, kuna ulaini mwingine unatoka hapo na hauhusiani na mkono wako.

BawaJepesi
Hiyo ya microadjustment sijawahi kuigusa tangu ninunue. Kesho nafunga tripodi nianze nayo, halafu 1/2500 na Case 2 kwa mwezi mzima. Hela inabaki ilipo. Majani yakifika tena 84 narudi kukuuliza adapta gani ulichukua.

JichoLaKozi
Njoo. Ukianza hiyo microadjustment zima kwanza kitulizi cha lensi, na piga kitu bapa chenye maandishi.