Ceph inapokea amri, inanyamaza, halafu haifanyi kitu. Mnaiendeshaje bila kuchanganyikiwa?

Wakuu, leo nimekuja kulalamika, anayetaka uzi wa amani apite.

Nina swali moja tu ambalo kila mwenye klasta ya Ceph (programu inayounganisha diski za seva nyingi kuwa hifadhi moja) lazima aulize: OSD namba 12 (programu inayosimamia diski moja), saa hii, inatumia thamani gani ya mpangilio fulani? Basi. Lakini kwenye Ceph ukiuliza `config get`, `config show`, `config dump` na `tell`, unaweza kutoka na majibu yanayopingana, na hakuna hata moja linalokwambia "ndugu, mwenzangu ana habari nyingine".

Tuanze na lililonipandisha presha wiki hii. Diski imekufa, data inajengwa upya kwa mwendo wa konokono, bosi anapiga simu. Naandika `ceph config set osd osd_max_backfills 4`, ili kila OSD ihamishe data nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Terminali kimya, hakuna kosa wala onyo. Nasubiri, kasi ni ileile. Kumbe tangu toleo la Quincy, 2022, mpangaji wa kazi wa OSD ni mClock, na yeye hataki uguse namba hiyo mpaka kwanza uweke `osd_mclock_override_recovery_settings` kuwa true. Usipofanya hivyo, anairudisha thamani yake mwenyewe. Na onyo analitoa, ila analiandika kwenye logi ya klasta! Mimi niko hapa mbele ya terminali, nimeandika amri hapa, kwa nini onyo liende kule?

Najua kuna watakaosema "soma dokumentesheni". Nimesoma, imo. Kuandikwa hakubadilishi kwamba amri imepokelewa kama vile imefanya kazi.

Kumbukumbu ya OSD nayo ina vituko vyake. Seva zina RAM ya kutosha, naweka `osd_memory_target` kuwa 6442450944 kwa OSD zote (ndiyo, GiB 6). Nauliza `ceph config get osd osd_memory_target`, najibiwa namba yangu vizuri kabisa. Nauliza `ceph config get osd.12 osd_memory_target`, natajiwa nyingine. Sababu ni kwamba cephadm, chombo cha kusakinisha na kusimamia Ceph, ina kipengele cha kujipangia kumbukumbu, `osd_memory_target_autotune`, ambacho kimeshaandika thamani ya kila hosti (yaani kila seva) peke yake, na lililoandikwa kwa hosti linashinda lililoandikwa kwa OSD zote kwa ujumla. Mpaka uzime kipengele hicho na ufute ya kila hosti kwa `ceph config rm osd/host:...`, unapiga kelele tu.

Halafu kuna ceph.conf, faili la mipangilio la kila seva. Tangu Mimic, 2018, mipangilio inakaa kwenye hifadhidata ya monitor (programu inayotunza taarifa kuu za klasta), kila mtu akashangilia kwamba tumeachana na kuhariri faili kwenye kila seva. Tumeachana wapi? Mstari wa zamani uliosahaulika kwenye ceph.conf inayosomwa na OSD za seva moja bado unaishinda hifadhidata. Na aliyewahi kupitisha `ceph tell osd.* injectargs`, inayobadilisha thamani ndani ya OSD inayoendelea kufanya kazi, anashinda faili na hifadhidata, hadi OSD iwashwe upya. Hapo mabadiliko yake yanayeyuka, na `ceph config log` haina habari kwamba yaliwahi kuwepo, kwa sababu yenyewe inahifadhi historia ya hifadhidata tu. Kuna mtu aliweka kitu usiku wa dharura, seva ikaja kuzimwa kwa matengenezo, ikarudi na tabia nyingine. Mtafuteni mchawi.

Sitaki hata kuanza na `bluestore_min_alloc_size_hdd`, kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho OSD inagawa kwenye diski ya HDD. Unaibadilisha, inakubali, na OSD zilizokwisha kuundwa zinabaki na ya zamani mpaka uziunde upya.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi ni mshauri tuliyemlipa pesa nzuri. Ameleta ripoti, kuna ukurasa umeandikwa "mipangilio imehakikiwa", na ushahidi wake ni picha ya `ceph config dump`. Kaka, hiyo ni orodha ya kilichoandikwa kwa monitor! OSD hukuiuliza hata moja. `ceph config show osd.12` ingekuonyesha thamani inayotumika, na kwenye safu ya SOURCE ungeona imetoka wapi: mon, file au override. Ukiwa na wasiwasi kwamba manager (programu ya Ceph inayokusanya taarifa ambazo `config show` inazionyesha) amechelewa kupata taarifa, `ceph tell osd.12 config get osd_memory_target` inaiuliza OSD yenyewe moja kwa moja. Kazi ya dakika chache, tena bila kuingia kwenye kontena. Tulipomhoji akajibu "niliset, iko sawa".

Ripoti nimeikataa. Aliye na skripti inayopita OSD zote, inalinganisha `config get` na `tell`, na kutoa zile zinazotofautiana tu, aimwage hapa. Na wa "hamia kwenye cloud", tafadhali, si leo.