MDF ya meza za ofisi: laka, polyurethani ya hadina au fomika?

RandaKali
Wakuu, meza 12 na droo zake, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) ya milimita 18, zote nyeupe, zianze kutumika baada ya siku 4. Ipi inakauka haraka na bado inahimili vikombe vya moto na kufutwa kila siku?

Kompresa
Juu ya meza bandika fomika (karatasi ngumu ya plastiki), miguu na droo piga polyurethani ya hadina, yaani rangi inayochanganywa na kigumushi. Laka ya selulosi inashikika ndani ya nusu saa, ndiyo maana mafundi wanaipenda, lakini inakauka kwa thina (kiyeyushi chake) kuruka tu. Dawa ya mikono yenye spiriti inailainisha tena, kikombe cha moto kinaacha duara jeupe. Rangi ya hadina ikishashikana haiyeyuki hivyo.

Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, pima kwa kikombe chenye alama. Hadina ikipungua, rangi inabaki laini hata wiki ikipita. Na hadina ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu: barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Tafadhalini sana, mpulizaji avae barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira.

Msasa320
Naunga mkono, ila kazi inaharibikia kwenye kingo. Uso wa MDF umebanwa, katikati nyuzi zimelegea, kwa hiyo ukingo unakunywa mkono wa kwanza wa rangi (mpako wa kwanza) wote na kubaki na manyoya. Piga msasa 180, kisha vunja ncha kali ipate mviringo wa milimita 2, maana rangi hukimbia ncha na hapo ndipo inapoanza kubanduka. Paka fila ya polyesta (ya kuziba vitundu), ile ya magari, nyembamba kwa spachula, ikikauka msasa 240. Pitisha kucha: ikikwaruza, rudia. Halafu praima (rangi ya msingi) ya polyurethani mikono 2, msasa 320, rangi mikono 2.

Gundi nyeupe yenye maji usiipake kingoni. Maji yanavimbisha nyuzi, na gundi inaganda kwenye msasa badala ya kutoka unga.

RandaKali
Asante fundi. Rangi ya mafuta je, maana haihitaji kompresa?

Kompresa
Kwa siku 4, hapana. Kila mkono unataka karibu siku nzima, na nyeupe yake inageuka manjano, hasa ndani ya droo kusikofika mwanga. Wala usipulize polyurethani juu yake ikiwa bado changa, thina itaiinua ikunjamane.

UbaoNaGundi
Fomika inakufaa kwa sababu nyingine: polyurethani inashikika siku hiyohiyo lakini hukomaa kwa takriban wiki, ukiweka kompyuta mapema inaacha alama. Fomika inapokea mzigo mara moja. Paka gundi ya kontakti pande zote mbili, subiri isishike kidole, pangilia juu ya vijiti, uvitoe kimoja kimoja kuanzia katikati. Chini ya meza bandika karatasi ya kusawazisha. Ukifunika upande mmoja tu, ubao unapinda.