Baiskeli za chopa za maduka makubwa ya bei nafuu: je, zinamfaa mtoto wa miaka 11?

BabaMzizima (Ohio, Marekani):

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu baiskeli ambayo mwanangu wa miaka 11 ameipenda mno kwa jirani yetu anayehama. Ni Sting-Ray ya kampuni ya Schwinn, ya mtindo wa chopa unaoiga pikipiki, ya yale matoleo yaliyoanza mwaka 2004, yenye uma (ile mikono inayoshika gurudumu la mbele) mrefu uliolala kwa mbele, usukani ulioinuka na tairi la nyuma pana ajabu. Jirani aliinunua ikiwa mpya katika duka moja kubwa la bei nafuu, na sasa anaiuza kwa bei ambayo hata mimi naimudu. Kinachonitatiza si bei. Shule iko kama maili mbili kutoka nyumbani, na njiani kuna kilima kimoja kirefu. Je, mtoto anaweza kuitegemea kwa safari hiyo kila siku? Tairi lile likichakaa, nitapata jingine? Na je, baiskeli iliyonunuliwa mahali panapouzwa pia sabuni na mashuka inaweza kuaminiwa kwa usalama wa mtoto?

FundiSpoku:

Ndugu BabaMzizima, nimekaa na spana kwa miaka mingi na baiskeli za namna hii nimezifungua, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka: kwa kuchezea mtaani palipo tambarare, mnunulie, kwa kumpeleka shule kila siku na kupanda kilima, usimnunulie.

Sababu iko katika umbo lake. Uma unapolazwa mbele kiasi kile, gurudumu la mbele huwa na tabia ya kuangukia upande mmoja kila mwendo unapopungua, na kilimani ndipo mwendo unapopungua zaidi. Kiti nacho kiko chini na nyuma, pedali ziko mbele, hivyo mtoto hawezi kusimama na kukandamiza pedali kwa uzito wa mwili wake kama anavyofanya kwenye baiskeli ya kawaida. Hubaki ameketi, akisukuma kwa nguvu za mapaja peke yake. Ongeza fremu nzito ya chuma, ongeza tairi la nyuma lenye upana wa inchi 4.25, na ukumbuke kwamba toleo la kawaida lina mwendo mmoja tu usiobadilishwa kwa gia. Mtoto mwenye afya njema ataishia kuisukuma kwa mkono.

Wakati wa kushuka nako kuna jambo la kuangalia. Ikiwa breki yake ni ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na haina nyingine, basi mnyororo ukichomoka hakuna breki tena. Kwenye barabara tambarare utaburuza miguu, lakini kwenye mteremko mrefu hiyo ni hatari ya kweli, wala si ya kutisha watu bure.

Kuhusu duka, mashaka yako yana msingi, ila yaelekeze mahali pake. Baiskeli hizi hufika dukani ndani ya maboksi zikiwa nusu zimeunganishwa, na anayezimalizia mara nyingi ni mfanyakazi mwenye haraka, asiyefundishwa ufundi wa baiskeli. Nimeona uma uliofungwa ukitazama nyuma, nimeona na nati za gurudumu zilizokazwa kwa vidole tu. Chuma chenyewe kinaweza kuwa sawa kabisa, kosa likawa la mkono uliokifunga.

DadaMidlands (Uingereza):

Kaka Fundi ameeleza vizuri, nami naongeza kwamba kasoro hizo hazikuzaliwa katika maduka ya bei nafuu. Hapa Uingereza tunayo Chopper ya kampuni ya Raleigh ya Nottingham, iliyopelekwa Marekani mwaka 1969 na kuanza kuuzwa hapa mwaka 1970. Gurudumu lake la mbele lilikuwa la inchi 16 na la nyuma inchi 20, ikiwa na gia 3 za kampuni ya Sturmey-Archer zilizobadilishwa kwa mkono uliosimama juu ya bomba la fremu, mbele kidogo ya kiti. Ilikuwa baiskeli ya kampuni yenye heshima na haikuwa ya bei rahisi kwa familia nyingi, lakini ilijulikana kwa kutikisika ikienda kasi, na kwa kuinuka mbele pale mtu alipokaa nyuma mno kwenye kile kiti kirefu. Toleo la pili la mwaka 1972 lilisogeza kiti mbele ili kupunguza tatizo hilo. Mkono ule wa gia uliwaumiza wavulana wengi mahali pabaya walipoteleza kutoka kwenye kiti. Huko kwenu Marekani, kanuni za usalama za miaka ya 1970 zilipiga marufuku vitu vilivyochomoza sehemu hiyo.

Ilirudishwa sokoni mwaka 2023 kwa pauni 950, na walioigombania wengi wao ni watu wazima. Kwa hiyo Fundi yuko sahihi kuhusu kilima, lakini mtu akikuambia ulipie zaidi ili upate chopa salama zaidi, mwulize ni umbo gani hilo lililobadilika.

MpendaMagurudumu:

Naheshimu maneno ya wote wawili, ila sipendi tuishie kwenye kusema kwamba ni kitu cha kuchezea tu, kwa sababu mtindo huu ulianzishwa na watoto wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watoto wa California walichukua baiskeli kuukuu za inchi 20 wakazifunga usukani mrefu na kiti kirefu chembamba, wakiiga pikipiki walizoziona barabarani. Al Fritz wa Schwinn, Chicago, alisikia habari hizo, akabuni Sting-Ray, ikatoka mwaka 1963. Kampuni nyingine nazo ziliuza baiskeli za mtindo huu, zikiwemo Huffy na Murray ambazo ziliuza kupitia maduka makubwa.

Schwinn ya wakati ule iliuzwa na mawakala waliojua kufunga na kutengeneza baiskeli. Kampuni ile ilifilisika mwaka 1992, ikafilisika tena mwaka 2001, na jina likanunuliwa na kampuni ya Pacific Cycle, ambayo ililipeleka kwenye rafu za maduka makubwa ya Walmart na Target. Baadhi ya matoleo ya chopa hiyo mpya yalibeba jina la Orange County Choppers, karakana ya pikipiki ya jimbo la New York iliyokuwa maarufu kwenye televisheni. Ninachokisikitikia ni kwamba mtoto wa 1962 aliijenga chopa yake kwa mikono, na mtoto wa 2004 aliipata imekamilika, hana cha kuongeza wala kufungua. Ndiyo maana chuma hiki kuukuu cha jirani nakiona kuwa bahati. Kinunue, kisha mwanao akifungue chote pamoja nawe. Atajifunza mengi kuliko kwa kuiendesha.

BabaMzizima:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Kwa shule nitamtafutia baiskeli ya kawaida yenye gia, na hii tutaifungua wawili. Nimeikagua jana: ina breki ya kukanyaga nyuma, na kile kipande cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kuelekea kwenye fremu kinaning'inia, hakikufungwa na kitu. Je, ni lazima kifungwe?

FundiSpoku:

Lazima, kaka, na mtoto asiipande kabla hujafanya hivyo. Kipande hicho ndicho kinachozuia sehemu ya ndani ya breki isizunguke. Kikiwa huru, akikanyaga breki kwa nguvu kitazunguka, breki itashindwa kushika na ekseli inaweza kulegea. Tafuta kikuku chake cha chuma chenye skrubu na nati, ukikaze kwenye bomba la chini la fremu lililo kando ya gurudumu la nyuma. Ni kitu cha bei ndogo katika duka lolote la baiskeli.

Kuhusu tairi, siku hizi kuna baiskeli nyingi za watoto zenye matairi mapana ya inchi 20, hivyo utapata. Soma namba zote zilizoandikwa ubavuni mwa tairi la sasa, hasa zile za milimita, na upime nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi kabla ya kuagiza.